Fahali wa Kano na Ng'ombe Wenye Blanketi

Mwandiko wa Mwalimu ulinifanya nimchukie kabla sijamjua. Aliingia ofisini kwetu Jumatatu moja asubuhi, mwishoni mwa miaka ya themanini, akaweka mezani bahasha ya kaki iliyofura, akasema anataka yote yapigwe taipu kwenye stensili ya kutolea nakala kwa ajili ya wanafunzi wake chuoni. Nikatoa karatasi ya kwanza. Nikaitazama, kisha nikamtazama yeye, mzee wa miaka hamsini hivi, amevaa sweta la sufu katika joto lile la Kisumu.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii umeandika wewe, au kuku amepita na wino miguuni?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Wenzangu wawili waliinamia mashine zao wasije wakaonekana wanacheka mbele ya mama mwenye ofisi. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Vidole vyangu vilikuwa na mbio, mdomo ulikuwa na mbio zaidi, na kama si vidole ningefukuzwa kazi mapema sana.

Tulizoea kupiga barua za kuomba kazi, matangazo ya matanga na katiba za vikundi vya akina mama. Kazi ya Mwalimu haikufanana na yoyote kati ya hizo. Ilihusu wanyama wakubwa wala majani wa nchi za barafu, kule juu kabisa ambako miezi mingine jua hukataa kutua na miezi mingine hukataa kuchomoza. Alikuwa amesomea nchi moja ya kaskazini, na wakati wa likizo aliajiriwa kubeba mizigo ya watu waliokwenda kuwahesabu wanyama hao. Nadhani ndiyo sababu ya lile sweta. Baridi ilimwingia huko na haikutoka.

Mnyama aliyempenda kuliko wote anaitwa maskoksi. Alinichorea nyuma ya karatasi iliyoharibika: mwili mfupi mnene, pembe zimeteremka kando ya uso kama nywele zilizogawanywa katikati, manyoya yanakaribia kugusa kwato. Akitokewa na mbwa mwitu hakimbii. Wakubwa husimama duara, pembe nje, watoto ndani.

"Huyu ng'ombe amevaa blanketi," nikasema.

"Ndivyo alivyo hasa," akasema Mwalimu, akakunja mchoro wake akanipa.

Mpiga taipu mzuri hasomi, anaona herufi tu. Nilipiga kurasa kumi hivyo hivyo, bila kujua ninachopiga. Ya kumi na moja ikanisimamisha. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kuna mahali maskoksi walimalizwa kwa bunduki, asibaki hata mmoja. Baadaye watu walijuta, wakaenda kuchukua ndama wachache kutoka mbali, wakawaleta. Wale wachache wakazaa, na watoto wao wakazaana wenyewe kwa wenyewe, hata nchi ikajaa tena. Ukiwatazama kwa mbali utafurahi. Lakini ukipima damu yao, utaona kama vile ni mnyama mmoja amerudiwa na kurudiwa. Ukija ugonjwa ambao mmoja hauwezi, basi wote hawauwezi. Na damu ikizidi kujirudia ndani ya kundi dogo, wanaanza kuzaliwa watoto dhaifu, au wenye kasoro, au hawazaliwi kabisa.

Nikaacha kupiga. Nilikuwa nikisoma habari za boma la mama yangu.

Kwetu ni Asembo, mwendo mfupi kutoka ghuba, mahali ambapo upepo ukigeuka unakuletea harufu ya omena, dagaa wetu wa ziwani, wanaokaushwa. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Haukupita muda ukaja ukame, na kati ya ng'ombe zaidi ya ishirini wa baba wakabaki watatu: majike wawili waliozaliwa tumbo moja, na ndama dume wa mmoja wao. Ndama yule alizaliwa wiki chache kabla ya baba kufa. Baba, hali yake mbaya, alitolewa nje akamshika kichwa, akasema huyu atakuwa fahali. Akawa fahali kweli, mwekundu mwenye kidoa cheupe tumboni, mpole, na mama alimpenda kwa namna ambayo hata sisi watoto tulionea wivu.

Kutoka kwa hao watatu mama alilijenga kundi upya. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha akazaliwa ndama wa miguu ya mbele iliyopinda. Mwingine akazaliwa kipofu. Mwingine alipumua mchana mmoja tu. Majike wengine walipandwa na kupandwa tena bila kushika mimba, na kundi likagota kwenye tisa.

Hapo ndipo lazima nimtaje baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye boma lake lilitazamana na letu ng'ambo ya njia. Kwa desturi yetu mjane hurithiwa na ndugu wa mumewe, na baba mdogo alikuwa tayari. Mama alikataa. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba amekwisha pikia mwanamume mmoja na inatosha. Tangu siku ile kila baya lililotokea kwetu lilipata maelezo. Ndama walipoanza kufa, baba mdogo alisema ni chira, ile laana inayomfuata mtu aliyevunja miiko ya nyumbani na kumkausha taratibu, yeye na mali yake. Watu wengi waliamini. Mwaka ule wa bahasha ya Mwalimu, alipokufa yule ndama wa mchana mmoja, baba mdogo alikuja na wazee wawili, akasema mbele yao: ndama wanaokuja wakiwa wabaya tena, atahamisha kundi lote lije bomani kwake ili kuokoa mali ya marehemu ndugu yake.

Mama alielewa, na mimi nilielewa. Kwetu, wakati ule, mjane ambaye boma lake halina ng'ombe hana sauti hata juu ya mlango wake mwenyewe. Wakitoka ng'ombe, naye angewafuata.

Utauliza kwa nini asiazime fahali mwingine. Baba mdogo alikuwa na fahali mweusi, mzima, na angemtoa siku hiyo hiyo. Ndilo lililokuwa tatizo.

"Fahali wake akiingia langoni mwangu," mama alisema, "yeye mwenyewe yuko nyuma ameshika mkia."

Basi ile Jumatatu nilimsubiri Mwalimu arudi jioni kuchukua kurasa za kwanza, nikamweleza kila kitu, nimesimama, bila hata kumpa kiti. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza fahali ni mtoto wa nani, mabinti zake ni wepi, na sasa anapanda nani. Nikamjibu.

"Anawapanda binti zake, na binti za binti zake," akasema. "Hiyo si chira. Hao ni maskoksi wako, ila hawana blanketi."

Akanieleza pia habari ya reindia, wanyama wengine wa barafuni wenye pembe za matawi. Wale wanaosafiri mbali kila mwaka hukutana na makundi mengine, damu inachanganyika, na kila kizazi kinakuwa na wanyama wa kila namna: huyu atastahimili njaa, yule atastahimili ugonjwa. Wale waliofungiwa kisiwani hawana bahati hiyo. Kisha akasema dawa yake ni rahisi kuliko kula ugali: leta fahali mgeni.

Jumamosi nilikwenda nyumbani moyo umejaa. Nilimkuta mama anachambua mtama, nikakaa, nikamwambia shida ni fahali wa baba. Sikuchagua maneno. Nilishawaambia mdomo wangu ulivyo.

Mama hakuniinulia macho. "Umesoma ukapata kazi ya kubonyeza bonyeza," akasema, "sasa umekuja kunifundisha ng'ombe. Mkono wa baba yako uko kwenye kichwa cha yule mnyama. Usimtaje tena."

Nilikasirika, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye jiwe karibu na zizi. Pale nilikuwa namwona fahali mwenyewe, amezungukwa na binti zake, na wote wana kile kidoa cheupe tumboni, mahali pale pale. Nilirudi ndani.

"Mama, sisi tunaruhusiwa kuoana sisi kwa sisi? Ukoo mmoja?"

"Unauliza upuuzi gani?"

"Kwa nini hairuhusiwi?"

"Kwa sababu ni ndugu. Mnaharibu nyumba. Watoto..." Mtama ulibaki mkononi. Alitazama mlangoni, kwa mbali zizi linaonekana, na niliona uso wake unafanya hesabu.

"Hata wao?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Hata wao, mama."

Alilia. Mimi pia nililia, maana nilijua nimemchukulia nini. Halafu akajifuta kwa leso, akasema kama ni mgeni anatakiwa, basi tutakwenda kwa kaka yake. Kwetu ukipatwa na shida huendi kwa jirani, unakwenda kwa mjomba. Mjomba yuko ndani ndani ya Bondo, na wiki ile ile akatuazima fahali kijana mwenye kifua kipana, tena kwa furaha. Fahali wa baba alifungwa kando. Mama alisema majirani walikuja kumtazama mgeni na wengine wakamsifu.

Mimi Kisumu nilitembea kichwa juu. Mwalimu alipokuja kuchukua sehemu ya pili ya maandishi yake nilimpasha habari kwa majivuno makubwa. Akafurahi. Kisha akaniuliza, akiwa anahesabu kurasa wala hanitazami, "Na ng'ombe wa mjomba wako walitoka wapi?"

"Ni wao wenyewe. Wa kwao."

"Ukame haukuwafika?"

"Uliwafika."

"Mahari ya mama yako ililipwa yote?"

Nilitaka kumjibu vibaya, ndipo nikakumbuka. Mahari ya mama ilimalizika kulipwa baba akiwa mgonjwa. Nakumbuka ng'ombe wa mwisho akitoka langoni na mjomba akimswaga. Kwetu mahari haiishi siku moja, inakwenda kidogo kidogo miaka na miaka, na baba hakutaka kufa na deni lile.

Sikusubiri Jumamosi. Niliomba ruhusa kwa uongo kwamba nina malaria, nikaenda nyumbani. Nilimuuliza mama yule ng'ombe wa mwisho wa mahari alikuwa nani. Mama anawakumbuka ng'ombe wote wa boma letu tangu alipoolewa, nani alizaa nani, nani alikwenda wapi. Hajaandika popote. Akajibu hapo hapo: alikuwa dada yao wale wawili tuliobaki nao, tumbo moja.

"Na huyu fahali wa mjomba?"

"Mtoto wake. Ng'ombe wengine wote wa kaka yangu walikufa na ukame, akabaki yule tu."

"Mama! Na hukusema?"

Akanishangaa kwa dhati. "Ng'ombe wa mahari akishavuka lango si wa kwetu tena. Ni wa watu wengine. Watoto wake ni wa watu wengine. Kila mtu anajua hivyo."

Na ni kweli, kila mtu anajua hivyo. Hata mimi nilijua hivyo, ndiyo maana sikuuliza. Mtu yeyote kutoka mahali pasipo na mahari ya ng'ombe angeuliza swali lile siku ya kwanza. Sisi tulikwenda na kurudi na fahali wetu wenyewe tukimwita mgeni.

"Mama," nikasema, "mtoto wa mjomba akitaka kunioa?"

"Haiwezekani. Ni mwiko."

"Kwa nini, na yeye ni wa watu wengine?"

Alinyanyuka, akaenda zizini, akamfungua fahali wa mjomba kwa mikono yake, akamfunga kwenye mti nje ya lango arudishwe Bondo. Lakini alikuwa amekaa nasi wiki mbili, na tayari alikwisha mpanda jike mmoja.

Mwalimu alikuwa na ng'ombe. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza. Nyumbani kwao ni uwanda wa Kano, nje kidogo ya Ahero, mahali ambapo mafuriko yakija ng'ombe wanahamishiwa kwenye tuta la barabara. Nilipomweleza yaliyotupata, akasema yeye naye anatafuta fahali mgeni, maana ndugu zake wamekuwa wakitumia wa nyumbani tu, na kwamba itakuwa aibu mtu aliyekwenda mpaka kwenye barafu kujifunza jambo hilo aje alione zizini kwake na kunyamaza. Tubadilishane, akasema. Fahali kwa fahali.

Nikamwambia mama. Mama akasema kwanza amwone.

Mwalimu alikuja Asembo siku ya Jumapili baada ya kanisa, na sweta lake. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wageni, akampa samaki na ugali, akamngoja anawe mikono. Ndipo akaanza. Bibi yake aliolewa kutoka wapi? Mama yake? Mahari yao ilitoka boma gani? Dada zake wameolewa wapi, na ng'ombe walioletwa kwa ajili yao walikuwa wa rangi gani? Kuna hata mmoja aliyewahi kutoka upande wa Asembo, au Bondo, au kwa watu wa Alego? Nimesikia wazazi wakimhoji mchumba wa binti yao, na haikuwa kali namna ile. Mwalimu aliyeandika kurasa mia moja juu ya damu za wanyama alitoka jasho. Mara mbili alisema hajui, na mara mbili mama alimwambia aende akaulize kwao arudi.

"Mama huyu," Mwalimu aliniambia njiani, "angefundisha darasa langu."

Alirudi Jumapili iliyofuata na majibu yote, mengine ameyapata kwa shangazi yake mzee. Mama aliyasikiliza akiyapanga kichwani na ya kwake. Mwisho akasema hapana mahali yanapogusana. Akaongeza sharti moja: mabadilishano yafanyike mchana, mbele ya watu, fahali mmoja akiingia na mwingine akitoka saa ile ile. Hakutaka mtu aseme ng'ombe ameletwa kwa ajili yangu. Mwalimu, ambaye alikuwa na mke na watoto watano, alisema anaelewa.

Fahali wa Kano alikuja na lori la mpunga. Alikuwa wa kijivu, pembe fupi, nundu kubwa, na alishuka akitazama kila mtu kwa dharau. Majirani walikuwa wamejaa njiani. Baba mdogo alisimama langoni kwake, mikono nyuma.

Kisha mama akamleta fahali wa baba. Alimwongoza mwenyewe, bila kamba, mkono tu begani mwake. Kwenye lori alisimama. Akaweka kiganja pale katikati ya pembe, mahali ambapo baba aliweka cha kwake. Nilidhani hataweza. Nami nilikuwa natamani asiweze, na hapo hapo naogopa asije akashindwa.

"Nenda," akamwambia. "Huko hakuna binti yako hata mmoja. Utakuwa na nyumba."

Fahali alipanda ubao wa lori kwa utulivu wake wa siku zote. Mama aliingia ndani akajifungia hadi jioni, na siku ile chakula nilipika mimi.

Miezi tisa ni mingi ukiwa unaihesabu. Jike aliyepandwa na fahali wa mjomba alitangulia kuzaa. Nilikuwa nyumbani. Ndama alitoka mdogo mno, shingo haishiki kichwa, akafa kabla ya saa sita mchana. Baba mdogo alikuwa ameshapata habari kabla hata hatujamzika. Alikuja na wazee wale wale wawili, safari hii na kamba.

Mama alikuwa amekaa mbele ya zizi kwenye kigoda. Hakuinuka.

"Shemeji, ulisema ndama wanaokuja," akasema. "Wazee hawa ni mashahidi. Hukusema ndama anayekuja. Nina majike wanne wengine wenye mimba. Wakizaa wabaya nitakufungulia lango mimi mwenyewe."

Mzee mmoja alikohoa, akasema ni kweli, ndivyo ilivyosemwa. Baba mdogo aliizungusha kamba mkononi. Akaondoka, lakini kamba aliitundika kwenye lango lake mwenyewe, mahali ambapo tungeiona kila asubuhi.

Sikurudi Kisumu wiki ile, wala iliyofuata. Nilituma ujumbe kwamba malaria imerudi, na mama mwenye ofisi akanijibu kwamba malaria yangu ina akili sana. Wiki ya tatu, asubuhi moja, jike mmoja mwenye kile kidoa cheupe tumboni alijitenga na wenzake. Mama alikwenda, akachuchumaa karibu naye. Mimi nilisimama mbali, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ndama alitoka na miguu miwili mbele, miguu iliyonyooka. Akalala. Mama akamsafisha pua kwa majani. Akaendelea kulala. Nikaanza kuomba Mungu kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Akasimama. Akaanguka, akasimama tena, akaenda moja kwa moja kwenye chuchu kama mtu aliyeelekezwa. Alikuwa wa kijivu.

"Wa Kano," mama akasema. Halafu akakaa chini pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, akacheka, machozi yanamtoka, na mimi nikakaa kando yake na gauni langu la kazi.

Watatu waliobaki wakazaa ndani ya mwezi ule. Wawili majike, mmoja dume, wote wazima, hakuna mwenye kidoa mahali pale pale. Wazee walikuja kutazama bila kuitwa. Asubuhi moja tukaona kamba haipo tena kwenye lango la baba mdogo, na hakuna aliyemuuliza ilikokwenda.

Mwalimu nilimpigia maandishi yake mpaka yakaisha. Akaniletea habari kwamba fahali wa baba amezaa Ahero, na kwamba ndama wake wana kidoa cheupe tumboni. Nilipompelekea mama habari hiyo alitabasamu siku nzima. Alianza pia kuniuliza kuhusu wale wa barafuni. Kila nikienda nyumbani: wale wenye blanketi wanaendeleaje? Kuna mtu amewapelekea fahali? Mwalimu alisema wapo watu wanaolifikiria jambo hilo, na wanyama wale ni wagumu kuliko tunavyodhani. Mama aliridhika nusu.

Miaka ikaenda. Tukaingia miaka ya tisini, kompyuta ya kwanza ikaja ofisini, mashine yangu ya taipu ikahamishiwa kwenye kona. Kundi la mama likavuka ishirini. Kila baada ya miaka michache alibadilisha fahali, mara na watu wa visiwa vya ziwani, mara na mtu wa Ugenya aliyekutana naye kanisani, na kila mara alimhoji mwenye fahali mpaka amtoe jasho. Watu wakaanza kuja kumuuliza: mama, huyu na huyu wanagusana? Naye alijua.

Siku moja nikiwa likizo tumekaa nje tunakunywa chai, baba mdogo aliingia langoni. Nywele zake zilikuwa zimepata mvi. Mkononi alikuwa na kamba, na nyuma ya kamba alikuwa na jike lake. Alisimama hatua chache kutoka kwetu akasema ndama wake watatu wamekufa mfululizo, na fahali wake mweusi amezeeka, na mtoto wa fahali huyo ndiye anayepanda sasa. Akasema kama mama angekubali kumpeleka fahali wake kule ng'ambo ya njia kwa siku chache.

Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyaweka miaka mingi. Mama akanigusa goti.

"Fahali wangu haendi kulala kwa mtu, shemeji," akasema. "Lakini umekuja na jike. Mwingize zizini. Wewe kaa unywe chai."

Baba mdogo akaingiza jike, akaja akakaa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa, kisha akauliza, bila kumtazama, mama alijuaje siku zile kwamba shida ni fahali.

"Kuna ng'ombe huko kwenye barafu, wana blanketi," mama akasema. "Wamefungiwa mahali peke yao na hawana jirani wa kumwendea. Wewe jirani unaye, ng'ambo ya njia tu, na imekuchukua miaka sita kuvuka."

Akammiminia chai nyingine.